Mkaguzi wa Mnarani

Kwa miaka minne niliyokuwa mtunza stoo kwenye mtambo wa kuchimba gesi, sikumbuki kumwona Mkaguzi akitembea huku akiangalia anapokanyaga. Alitembea uso juu, kidevu mbele, kama mtu anayetafuta mwezi mwandamo saa sita ya mchana. Alijikwaa sana. Buti zake zilichubuka ncha zote mbili, na vibarua walisema mzee huyu atauawa na kisiki. Yeye hakujali. Alisema jiwe lililo chini limeshamaliza safari yake. La kuogopwa ni lile ambalo bado halijasafiri.

Kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha hakuna kitu kinachoanguka kutoka juu. Mtambo wetu ulikuwa porini, upande wa bara wa Kilwa, mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka barabara ya Lindi. Katikati yake ulisimama mnara wa chuma mrefu kuliko mnazi wowote niliowahi kuuona. Huko juu kulikuwa na taa, kapi, ngazi, bolti na vyuma vya kila namna, na chini yake watu walifanya kazi kwa zamu, mashine zikizunguka na mnara mzima ukitetemeka. Kinachotetemeka hulegea, na kinacholegea hushuka. Kampuni iliyotuajiri ilikuja na mtambo wake na imekwisha kuondoka nao. Jina lake halina kazi hapa. La kwake yeye nitaliacha pia. Wote tulimwita Mkaguzi, hata mpishi, hata wageni ambao Kiswahili chao kiliishia kwenye salamu.

Kila walipoajiriwa vibarua wapya aliwapanga nyuma ya utepe, akaweka papai bivu chini ya mnara, akalivisha lile papai helmeti kuukuu, akapanda mwenyewe. Alipanda haraka kuliko vijana, ingawa magoti yalimuuma akiteremka. Kutoka juu aliachia bolti moja isiyozidi kidole gumba. Kisha alishuka, akaiinua helmeti, akawaonyesha kilichobaki. Mara ya kwanza nilipoangalia, kibarua mmoja alicheka. Mkaguzi alimkabidhi vile vipande mkononi, maji ya papai yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Kishone kichwa hicho," alimwambia.

Yule kibarua akasimama pale na vipande vyake. Hakuna aliyecheka tena, wala siku hiyo papai halikuliwa mezani.

Stoo yangu ilikuwa kontena la chuma lililochomwa na jua tangu asubuhi. Spana, nyundo, bisibisi, kila kitu kilikuwa na kamba yake, na hakuna kilichotoka mlangoni bila kamba hiyo kufungwa kwenye mkanda wa anayekichukua. Wakitoka na spana tano, zirudi tano. Ikipungua moja, kazi inasimama mpaka ipatikane. Hiyo ilikuwa sheria yake, na mimi ndiye niliyeisimamia, kwa hiyo matusi yake niliyapokea mimi. Mwenyewe alijifunga kamba kuliko zana zote. Miwani ilikuwa na kamba, kalamu ilikuwa na kamba, simu ilikuwa na kamba, na tasbihi yake aliifunga kwenye tundu la kifungo cha shati. Siku moja ya mapumziko tulikwenda pamoja sokoni Kilwa Masoko kununua mboga za jikoni, na mama muuza bamia akamtazama kwa huruma.

"Baba, wamekuibia sana?" alimuuliza.

"Bado, mama," alijibu. "Nawahi."

Huo ndio ulikuwa mzaha wake, na sina hakika kama alijua kwamba ni mzaha.

Alikuwa mkali, na sitaupunguza ukali wake kwa sababu ya yaliyotokea baadaye. Kibarua mmoja wa Kilwa Kivinje alipanda mnarani na funguo za nyumba yake mfukoni mwa shati. Hazikuanguka. Mkaguzi alizisikia zikilia alipokuwa anashuka, akamvua beji pale pale, akampakia kwenye gari la mchana. Yule kijana alilia mbele ya watu. Mkewe alikuwa amejifungua wiki ile. Nilimfuata Mkaguzi nyuma ya kontena.

"Ana mtoto mchanga," nilisema. "Mwonye tu, mara hii."

"Ndiyo maana namrudisha kwa mtoto wake," alisema. "Mzima."

Nilimchukia kwa muda wa mwezi mzima. Nilikuja kusikia, si kutoka kwake, kwamba alikwenda Lindi siku zake za mapumziko akamtafutia yule kijana kazi ya ulinzi, akamwombea kwa mtu na mtu. Mimi hakuniambia, na nilipomuuliza alibadili mazungumzo akaanza kukagua mlango wangu.

Nyumbani kwake Lindi nilifika mara moja enzi hizo, nilipompelekea dawa za mkewe alizozisahau kambini. Nilikuta nyumba ya udongo yenye mabati manne mapya na mengine ya kutu, na juu ya mabati mawe makubwa kama vichwa vya watu, pamoja na tairi la baiskeli, vyote vimewekwa ili upepo usiyabebe. Nilisimama uani nikayatazama. Mkewe, mama mpole aliyekuwa anaumwa miguu, aliona ninapoangalia.

"Nimemwambia," alisema. "Anasema akipata nafasi."

Mkaguzi mwenyewe alikohoa, akanikaribisha ndani, tukakaa chini ya yale mawe tukanywa chai.

Katika watu wote wa mtambo, aliyethubutu kumtania alikuwa Shaibu. Shaibu alikuwa mtu wa Kinjumbi, karibu miaka thelathini na mitano, mnene wa mabega, hajaoa, na alifanya kazi sakafuni, yaani pale chini kabisa ya mnara ambapo mabomba huunganishwa. Mama yake alikuwa na mikorosho michache na shamba la muhogo, na Shaibu alipokwenda mapumziko alirudi na korosho za kukaanga kwenye gazeti, akazigawa kwa kila mtu. Baada ya chakula cha mchana yeye na Mkaguzi walicheza drafti kwa vizibo vya soda. Mkaguzi hakujua kushindwa. Akifungwa alinyamaza mpaka kesho.

"Mkaguzi, leo umeona nini huko juu?" Shaibu alimuuliza kila walipokaa.

"Nimeona ajali yako."

"Iambie isubiri. Nina mechi."

Na Mkaguzi, ambaye hakucheka na meneja wala na mkuu wa wilaya alipotutembelea, aliinamia ubao ili tusione mdomo wake.

Alikuwa na fomu. Kila asubuhi alipanda, akakagua, akashuka, akajaza karatasi katika kitabu chenye kaboni: ya juu inakwenda kwa meneja, nakala inabaki stoo kwangu. Chini kulikuwa na mahali pa sahihi, na bila sahihi yake mashine hazikuwashwa. Alituambia mara nyingi kwamba sahihi ni kiapo cha mtu asiyekuwepo. "Wewe utakuwa umelala," alisema, "na yule aliye sakafuni atakuwa anaitegemea."

Ramadhani moja aliiona taa. Ilikuwa taa kubwa ya upande wa mashariki wa mnara, nzito kama debe la mahindi. Bolti zake mbili zilikuwa zimelegea, na mnyororo wa akiba, ule unaoidaka taa bolti zikikatika, ulikuwa umeliwa na kutu. Bolti alizikaza mwenyewe siku ile ile. Mnyororo haukuwepo stoo. Niliagiza Dar es Salaam, nikajibiwa nisubiri. Akaandika kwenye fomu: taa ishushwe mpaka mnyororo ufike. Kuishusha kulitaka kazi isimame nusu siku. Meneja, mgeni mmoja mrefu aliyezungumza kwa upole muda wote, alisema tumalize kwanza kipande cha kisima kilichobaki. Kesho yake Mkaguzi akakuta bolti zimelegea tena. Akazikaza, akaandika tena. Siku ya tatu akaandika kwa herufi kubwa, kalamu ikatoboa karatasi.

Siku mbili za kwanza alitia sahihi pamoja na onyo; siku ya tatu sahihi haikutoka, na mtambo ukakaa kimya. Meneja alikuja stoo, akasimama na Mkaguzi mlangoni. Hakumtisha. Alimwambia tu kwamba kipande kilichobaki ni cha siku mbili, kwamba kikiisha watu wote watakwenda nyumbani kula Idi, na kisipoisha hakuna atakayeondoka. Kisha akaenda zake. Ndipo walipokuja vibarua. Walikuja na njaa ya mfungo, wakasimama kwenye kijua kile, na aliyewasemea wenzake alikuwa Shaibu.

"Mzee wangu," alisema, na hakuwa anatania, "bolti umezikaza mwenyewe. Siku mbili tu. Mama yangu yuko peke yake, nimemwambia Idi hii nakuja. Tusaidie tumalize."

Mkaguzi alitazama juu kwa muda. Kisha akaniomba kile kitabu. Niliona anavyoandika, kwa sababu alitumia meza yangu. Kwenye karatasi mpya, mstari wa taa, aliandika: sawa. Akatia sahihi ya siku mbili zilizofuata. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimwonea mtu huruma mbele ya macho ya watu, na nilifurahi kwa ajili yake. Nikajisemea, kumbe naye ni binadamu.

Asubuhi ya siku ya pili tulikuwa wawili stoo, tunahesabu spana za zamu iliyotoka. Hatukusikia kishindo, mashine zilikuwa na kelele kuliko kishindo chochote. Tulichosikia ni mashine kuzimwa, moja baada ya nyingine, halafu kimya. Mkaguzi aliiweka chini spana aliyokuwa ameishika, taratibu, mahali pake.

"Taa," alisema.

Hakukimbia. Nilimpita mimi nikakimbia, na ninajuta kwamba nilifika. Shaibu alikuwa amelala ubavu, helmeti ikiwa bado kichwani, imefungwa vizuri kidevuni kama alivyofundishwa. Tulimfikisha zahanati akiwa amekwisha kukata roho. Akazikwa Kinjumbi alasiri ile ile, mwezi haujaandama.

Baada ya Idi makao makuu yalileta watu wa kuchunguza. Waliweka meza kwenye bwalo la chakula, wakatuita mmoja mmoja. Kabla yao alikuja meneja stoo kwangu, kwa upole wake ule ule, akachukua kitabu cha fomu. Alikifungua, akachana nakala za siku tatu zile, na akaniuliza kama kuna nyingine popote. Nyingine ilikuwepo. Ile ya siku ya tatu, ya herufi kubwa, nilikuwa nimetoa nakala yake kwa mashine ya fotokopi ili niiambatanishe na oda ya mnyororo. Ilikuwa droo ya kulia, sentimita chache kutoka kwenye goti lake.

"Hakuna," nilisema.

Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi ule, na nilitaka uendelee. Sina maelezo mengine. Uliendelea.

Mkaguzi alipoitwa hakukaa hata robo saa. Walimwonyesha fomu ya siku mbili zile, wakamuuliza kama sahihi ni yake. Alisema ni yake. Wakamuuliza kama ana la kuongeza. Alisema hana. Alitoka na mfuko wake wa nguo mkononi, akanikabidhi mkanda wake wa kupandia, nikauandika kwamba umerudi. Hatukuagana vizuri. Alinitazama kama anayengoja niseme kitu, au pengine hiyo ni dhamiri yangu inayokumbuka hivyo.

Sasa nina duka la vifaa vya ujenzi Kilwa Masoko. Miaka sita ile karatasi ilikaa chini ya nguo sandukuni, na kila nilipofungua sanduku nilijua ilipo. Nilisikia habari zake kwa vipande: kwamba mkewe amefariki, kwamba hakupata tena kazi ya mtambo popote, kwamba jina lake lilikuwa limeandikwa mahali. Mwaka huu niliumwa, nikalazwa, na nikiwa nimelala pale niliamua kwamba nikipona nitampelekea. Niliamini ninampelekea heshima yake.

Nilipofika Lindi jirani yake aliniambia hayupo. "Msimu wa kulima humpati hapa. Yuko Kinjumbi, kwa mama wa yule marehemu. Kila mwaka."

Nikageuza njia. Kinjumbi nilifika saa nne asubuhi, nikaelekezwa nyumba ya ukingoni, nyuma yake shamba la muhogo. Alikuwa anapalilia. Amekonda, mgongo umeinama, shati limelowa. Mama wa Shaibu alikaa barazani anabangua korosho, mikono imepakwa majivu ili utomvu usimchome. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza kwamba nilifanya kazi na mwanawe. Alinivutia mkeka.

"Wewe wa pili kuja," alisema. "Huyu mzee wangu alikuja mwaka wa kwanza, akaniambia: mama, sahihi iliyomuua mwanao ni yangu. Nikasema, kukosea kumeumbiwa mtu. Akaomba jembe."

Mkaguzi alikuja, akanawa mikono, akakaa ukingoni mwa mkeka. Nilitoa karatasi, nikamweleza yote: droo, meneja, uongo wangu. Nilimwomba radhi. Nilimwambia karatasi hii ingemwokoa, na kwamba hata sasa anaweza kuipeleka idara ya kazi, wasafishe jina lake.

Aliisoma, akiisogeza mbali na macho.

"Umekuja nayo kwangu," alisema. "Ni yake huyu. Msomee."

"Mkaguzi, si lazima."

"Hajui kusoma. Msomee kama ilivyo."

Nikamsomea. Taa ya mashariki, bolti zinalegea kila siku. Mnyororo wa akiba umekwisha kwa kutu. Taa hii itaanguka. Ishushwe. Kazi isianze.

Mama alikuwa ameacha kubangua. Aliuliza iliandikwa lini, nikamwambia, siku mbili kabla. Akauliza nani aliandika.

"Mimi," alisema Mkaguzi.

"Kwa hiyo hukukosea."

"Sikukosea, mama. Nilijua."

"Na miaka yote hii unanilimia."

"Nilikwambia nusu. Nusu hii sikuweza."

Nilitaka kusema kwamba Shaibu mwenyewe aliomba, kwamba alisimama mlangoni mwa stoo akamtaja mama yake huyu huyu. Mkaguzi aliona ninavyofungua mdomo, akatikisa kichwa mara moja. Hilo hakutaka mama alijue, na mpaka leo sijui kama alikuwa anamkinga mama yule au anamkinga Shaibu.

Mama alisimama. Alikwenda shambani, akaliokota jembe pale lilipoachwa kwenye tuta, akalikung'uta udongo, akapita mbele yetu bila kututazama, akaingia nalo ndani. Tukasikia komeo.

Tulitembea mpaka barabarani. Nilimpa karatasi, hakuipokea. Nikamuuliza kama amenisamehe. Alisema mimi sikumwondolea kitu alichokuwa nacho. Basi la Lindi likaja, akapanda kwa shida, akimshika kondakta bega.

Mwezi uliopita mteja mmoja wa Kinjumbi alikuja dukani kununua misumari, nikamuuliza habari za yule mama. Akasema hajambo, ila hasemi sana. Nikamuuliza kama kuna mzee wa Lindi anayefika pale. Akasema yupo, siku hizi hafunguliwi mlango, wala hapiti kwa yule mama kuaga wala kusalimu. Anaazima jembe kwa jirani, analima shamba la yule mama mpaka adhuhuri, analirudisha, anaondoka.